Maswali Yenu: Namba Ngeni Mchana Kutwa

Meseji mlizotutumia safari hii karibu zote zinalia kilio kimoja: simu za matangazo, za mauzo na za watu wasiojulikana wanaopiga wakati mtu ameshika kazi. Tumechagua sita za Arusha na Moshi. Majina tumeyaacha, kama wengi wenu mlivyoomba.

Mhariri, habari za kazi. Nina ofisi ndogo ya kupeleka wageni mbugani, hapa Arusha karibu na Mnara wa Saa. Namba yangu ipo kwenye bango, kwenye mlango wa gari na Instagram. Napigiwa na watu wa viwanja, bima, mikopo, kubeti na dawa za asili. Nimeblock mpaka nimechoka, kesho wanakuja na namba nyingine. Namba ngeni zote siwezi kuzikataa, maana mteja wangu naye ni namba ngeni. Nifanyeje? – Mwenye ofisi ya utalii, Arusha

Kaka, ushauri mwingi unaozunguka kuhusu simu hizi unamfaa mtu anayepigiwa na mama yake, mke wake na bosi wake tu. Wewe unakula kwa namba ngeni, kwa hiyo dawa yako ni tofauti.

Kwanza elewa kwa nini kublock hakukusaidii. Wauzaji wa simu hawatumii laini moja. Wanazo nyingi, na mara nyingi mashine ndiyo inayopiga namba kadhaa kwa mpigo, kisha anayepokea anaunganishwa na mhudumu aliye huru. Ndiyo maana ukisema "haloo" kinapita kimya cha sekunde mbili tatu kabla mtu hajajibu. Kimya hicho ni dalili nzuri ya kukata mapema: mteja wa kweli aliyekupigia kwa kidole chake anakuwa tayari yuko hewani anakusubiri. Kublock namba moja moja kwa watu wa namna hii ni kuteka maji kwa pakacha.

Tenganisha laini. Namba iliyo kwenye bango iache iwe ya biashara peke yake, halafu chukua laini ya mtandao mwingine kwa ajili ya familia, benki na watu wa karibu. Tunasema mtandao mwingine kwa sababu kusajili laini ya pili ya mtandao uleule kwa kitambulisho kimoja kuna maswali zaidi. Laini mpya usiiandike popote: si kwenye kuponi ya bahati nasibu ya dukani, si kwenye daftari la wageni getini, si kwenye daftari la wakala ambalo kila anayefuata anasoma mstari ulio juu yake. Biashara yako ikipokea malipo kwa Lipa Namba, iunganishwe na laini ya biashara.

Kwenye simu ya laini mbili, nenda kwenye mipangilio ya sauti uipe kila laini mlio wake. Simu nyingi za Samsung, Tecno na Infinix zinaruhusu. Faida yake ni kwamba ukiwa unaendesha kuelekea Tarangire unajua bila kuitoa simu mfukoni kama ni nyumbani au ni sokoni.

Kisha weka saa za kazi kwa kutumia hali ya Usisumbue. Kwenye Android unaipangia muda, tuseme saa mbili usiku mpaka saa moja asubuhi, na unachagua kwamba waliomo kwenye kitabu chako cha majina wapite. Washa pia kipengele cha mpigaji anayerudia: mtu yuleyule akipiga mara ya pili ndani ya dakika 15, simu italia. Kwenye iPhone muda huo ni dakika 3. Mgeni aliyekwama uwanja wa ndege wa KIA usiku atarudia kupiga. Mwuza viwanja kwa kawaida anahamia namba inayofuata kwenye orodha yake.

Wageni wa nje wengi wanakupata kwa barua pepe au WhatsApp kabla ya kupiga. Andika kwenye bango na Instagram: "Tuma ujumbe WhatsApp kwanza, tunajibu." Kisha ndani ya WhatsApp ingia kwenye Mipangilio, Faragha, Simu, uwashe kunyamazisha wapigaji wasiojulikana. Simu yao haitalia, lakini itabaki kwenye orodha ya simu na utaiona. Jambo moja linalowachanganya wengi: kumblock mtu kwenye simu hakumzuii WhatsApp, na kumblock WhatsApp hakumzuii kwenye simu ya kawaida. Ni milango miwili, kila mmoja na kufuli lake.

Usijaribu kuhukumu kwa tarakimu za mwanzo. Tangu 2017 mtu anaweza kuhama mtandao na namba yake, kwa hiyo 07 au 06 fulani haikuambii tena kwa uhakika ni mtandao gani. Na 027 usiizuie kabisa: hiyo ndiyo namba ya mezani ya kanda yetu, Arusha, Kilimanjaro, Manyara na Tanga. Hospitali, shule na ofisi za serikali zinaweza kukupigia kwa hiyo.

Mwisho kwako, na wengi hawalijaribu hili: kampuni inayojitambulisha kwa jina halisi, iwe ya bima, benki au ya viwanja, inazuilika kwa barua kuliko kwa kitufe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inakupa haki ya kukataa taarifa zako zitumike kukutangazia biashara. Akipiga, usimtukane. Muulize jina la kampuni, namba yako wameipata wapi, na barua pepe ya ofisi. Kisha andika hivi, ukijaza mapengo:

"Mimi ni mwenye namba … Mlinipigia tarehe … saa … kunitangazia … Sikuridhia namba yangu kutumiwa kwa matangazo, na kama kuna ridhaa mnayodai mnayo, naiondoa. Naomba mfute namba hii kwenye orodha zenu zote za masoko, mnieleze mliipata wapi, na mnijibu kwa maandishi."

Tunza nakala pamoja na picha ya skrini inayoonyesha namba, tarehe na saa. Wakiendelea, hayo ndiyo utakayopeleka Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Malalamiko ya "wananisumbua sana" bila tarehe wala jina la kampuni hayana pa kushikwa.

Habari ndugu zangu. Mimi ni bodaboda, kijiwe cha Mbuyuni, Moshi. Nilipigiwa simu ya sauti iliyorekodiwa ikasema bonyeza moja, nikabonyeza. Tangu siku hiyo nakatwa shilingi 150 kila siku. Nikiweka vocha ya 500 ninunue kifurushi, kinakataa. – Dereva, Moshi

Ulipobonyeza moja ulijiunga na huduma ya kulipia: inaweza kuwa wimbo wa mwito, vidokezo vya mpira, dondoo za mapenzi au mchezo wa maswali. Shilingi 150 kwa siku ni 4,500 kwa mwezi, hela ya mafuta hiyo.

Kifurushi kinakataa kwa sababu huduma hizi kwa kawaida zinakata salio la kawaida, hazigusi kifurushi. Salio likiwa sifuri, huduma inakaa inasubiri. Ukiweka 500 tu, inachukua chake kwanza, unabaki na 350, na kifurushi cha 500 hakinunuliki tena.

Fungua meseji zako utafute ile iliyokuja siku ya kukatwa. Imetoka kwenye namba fupi au kwenye jina la herufi, na ndani yake kuna neno la kujitoa: ONDOA, SITISHA, STOP au jingine. Andika neno lililotajwa humo peke yake, bila "naomba" na bila nukta, ulitume kwenye namba fupi iliyotajwa kwenye meseji hiyohiyo. Wengi wanakwama hapa kwa sababu wanatuma neno sahihi kwenye namba isiyo yake, au wanalijibu jina la herufi. Jina la herufi si namba ya simu na majibu yako hayafiki popote.

Halafu piga 100, huduma kwa wateja. Usiseme tu "nakatwa hela". Sema: "Naomba unisomee huduma zote za kulipia zilizounganishwa kwenye laini hii, uziondoe zote, na uzuie ujumbe na simu za matangazo." Sehemu ya kwanza ya ombi hilo ni muhimu, maana mara nyingi inakutwa huduma zaidi ya moja. Omba namba ya kumbukumbu ya lalamiko na uiandike. Kesho yake angalia salio kabla hujanunua chochote. Kama bado linakatwa, rudi kwao na namba ile. Kampuni ya simu ikishindwa kulitatua, unaenda TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ambao wana ofisi ya Kanda ya Kaskazini Arusha. Wao pia watataka kujua kama ulianzia kwa kampuni yako.

Hakikisha tu makato hayo si deni la vocha uliyokopa. Deni linakatwa mara unapoongeza salio mpaka liishe, halirudi kila siku kwa kiasi kilekile.

Na ukisikia sauti ya kurekodiwa tena, kata bila kubonyeza chochote, hata ile "bonyeza mbili kujitoa". Ukimpigia rafiki ukasikia wimbo wake na sauti ikasema bonyeza nyota kuunakili, ni mlango uleule.

Mimi ni mstaafu, naishi Marangu, natumia kitochi. Vijana wanasema niweke programu ya kuzuia simu, lakini simu yangu haina intaneti. Pia napata simu zinazolia mara moja na kukatika, zinaanza na alama ya kujumlisha na namba nisizozijua. – Mzee wa Marangu

Shikamoo mzee. Vitochi vingi vya itel na Tecno vina orodha nyeusi ndani yake, havihitaji intaneti. Ingia Menu, mipangilio, mipangilio ya simu, mipangilio ya ziada, utakuta "Blacklist". Humo kuna mambo mawili: kuandika namba, na kuiwasha orodha yenyewe. Watu wengi wanaandika namba na kuacha orodha imezimwa, kisha wanalalamika simu ni mbovu. Andika namba kwa njia mbili, ikianza na 0 na ikianza na +255, kwa sababu baadhi ya vitochi vinalinganisha tarakimu kama zilivyo, na simu inayoingia inaweza kuonekana kwa mtindo wowote kati ya hiyo miwili. Orodha ikijaa, futa za zamani. Kuna vitochi visivyo na kitu hiki kabisa. Cha namna hiyo, zihifadhi namba sumbufu kwa jina moja, "USIPOKEE", inatosha.

Hizo zinazolia mara moja usizipigie. Ni utapeli wa zamani: anataka wewe ndiye upige, kwa bei ya kimataifa ya kila dakika, na sehemu ya hela hiyo inamrudia yeye. Kupigiwa hakukugharimu kitu. Kumbuka +255 ni sisi, +254 ni Kenya, +256 Uganda, +250 Rwanda, +257 Burundi. Kama una mtoto au mjukuu nje ya hapo, hifadhi namba yake kwa jina, na ngeni yoyote nyingine yenye kujumlisha iache ilale.

Ndugu zangu naomba msaada. Mimi ni mwalimu Moshi. Kuna mtu nilisoma naye chuo amekopa kwenye programu ya mikopo, sasa mimi ndiye napigiwa. Wananiambia ni mdhamini, wanatishia kusambaza picha yangu. Sijawahi kusaini popote. – Mwalimu

Dada, wewe si mdhamini. Mdhamini anakubali mwenyewe, kwa sahihi au kwa ridhaa inayoonekana. Namba yako kuwamo kwenye simu ya mkopaji hakukufanyi mdhamini wa chochote. Kilichotokea ni kwamba mwenzako alipoiweka programu ile aliiruhusu isome kitabu cha majina, nayo ikabeba kila aliyemo: wewe, fundi wake wa cherehani, padri wake. Hao wote wanapigiwa ili aibu imkamue mdeni. Watu hawakuita mikopo hii kausha damu bure.

Usilipe hata shilingi moja "kupunguza". Ukilipa umejitambulisha kuwa unalipika. Usitoe mahali anapofanya kazi huyo mwenzako wala namba ya mkewe. Mwambie anayepiga, mara moja tu: "Sijadhamini mkopo huu. Nitajie jina la kampuni na namba ya leseni yake." Wengi hukata hapo.

Agosti 2024 Benki Kuu ilitoa mwongozo kwa wakopeshaji wa kidijitali, na Novemba mwaka huohuo ikatangaza programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Angalia kama ya huyu imo. Isiyo na leseni, ipeleke taarifa yake Benki Kuu. Iwe na leseni au isiwe nayo, matumizi ya namba yako bila ridhaa ni jambo la Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Vitisho vya picha ni jambo jingine, hilo ni la polisi. Usifute meseji hata zikikuchefua. Piga picha za skrini zinazoonyesha namba ya mtumaji, tarehe na saa, zitoe nakala, nenda kituoni ukaandikishe na upewe RB, yaani namba ya taarifa yako polisi. Unyanyasaji kwa njia ya mtandao ni kosa katika Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. RB ukishakuwa nayo, mtumie mpigaji namba ya RB hiyo kwa meseji bila maneno mengine. Kwa maoni yetu hiyo inafanya kazi kuliko ugomvi wa nusu saa.

Mwenzako naye mwambie aende kwenye mipangilio, Programu, achague ile ya mkopo, Ruhusa, azime majina, picha na meseji. Kuifuta tu programu hakurudishi orodha iliyokwisha kuchukuliwa, lakini kunazuia isichukue zaidi. Deni lake alilipe au alipinge yeye mwenyewe.

Je, Truecaller inafaa? Na shemeji yangu aliye Marekani anasema kuna orodha ya taifa ya kujiandikisha usipigiwe. Naweza kujiandikisha nikiwa Njiro? – Msomaji, Njiro

Orodha ya Marekani ilianza 2003 na ni ya namba za Marekani. Namba ya +255 haimo na haiwezi kuingizwa. Ukikuta tovuti inakuahidi hivyo, inakusanya namba yako tu. Kwako wewe, njia ni barua tuliyoandika hapo juu.

Truecaller inafaa kwa kiasi. Jina unaloliona linatoka kwa watumiaji wenyewe, halitoki NIDA wala TCRA. Tapeli anaweza kujiandika jina la kiofisi kabisa, na mwuza mkaa mwaminifu akaitwa "tapeli" kwa sababu ya ugomvi wa jirani. Itumie kama uvumi wa kijiweni: sikiliza, halafu pima. Wakati wa kuiweka soma kila ruhusa inayoombwa, na ile usiyoona sababu yake ikatae. Kama simu yako ni Android yenye programu ya Simu ya Google, jaribu kwanza iliyo ndani: nukta tatu juu, mipangilio, sehemu ya kutambua mpigaji na simu taka. Hapohapo utaona "Blocked numbers" na swichi iliyoandikwa "Unknown". Usidanganyike na neno hilo. Linazuia wanaoficha namba, wale wanaoonekana bila tarakimu yoyote. Namba usiyoihifadhi bado itapita.

Shikamooni. Mtu alinipigia akisema ni huduma kwa wateja, laini yangu itafungwa kwa usajili mbovu, akaniambia nipige *21* na namba fulani halafu alama ya reli. Nilipiga. Baadaye simu hazikuniingia, na WhatsApp ikanitoa. – Mama wa duka la nguo, Soko la Kilombero, Arusha

Marahaba mama. Ile *21* inahamisha simu zako zote kwenda kwa mtu mwingine. Alipojaribu kufungua WhatsApp yako kwenye simu yake, aliomba namba ya uthibitisho isomwe kwa simu, na simu hiyo ikaenda kwake. Fanya hivi leo, kwa mpangilio huu.

Piga ##002# ukitumia laini iliyoathirika. Kama simu ina laini mbili, chagua ile ile, maana namba hizi za kupiga zinafanya kazi kwa laini moja moja. Hiyo inafuta uhamishaji wote. Hakikisha kwa *#21#: jibu liseme haujawashwa. Ukiangalia pia *#62#, ya wakati simu imezimwa, unaweza kukuta namba ya huduma ya mtandao wako wenyewe, na hiyo si lazima iwe ya tapeli. Inayotakiwa kukushtua ni namba ya kawaida ya mtu.

Kisha fungua WhatsApp upya kwa namba yako. Ukiingia, yeye anatoka. Ikidai PIN usiyoijua, ameweka ya kwake, na utasubiri siku 7 kabla ya kuingia bila hiyo, lakini yeye tayari ametolewa. Ukirudi ndani, nenda Mipangilio, Akaunti, Uthibitishaji wa hatua mbili, uweke PIN yako ya tarakimu 6. Watangazie ndugu na wateja wasitume hela kwa meseji zozote zilizotoka kwako siku hizo. Namba ya siri ya hela ya simu ibadilishe pia, hata kama unaamini hukuitaja.

Kampuni za simu zimekuwa zikiwaambia wateja kwamba zinapiga kwa 100. Aliyekupigia kwa namba ya 07 au 06 na kujiita huduma kwa wateja, kata, kisha piga 100 mwenyewe uulize kama laini ina tatizo. Zile meseji za "hela tuma kwenye namba hii", zipeleke 15040: unaisambaza meseji ilivyo, ukijibiwa unatuma namba iliyokuletea.

Na kwa kuwa alitaja usajili, piga *106# uangalie laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Utaombwa namba ya NIDA, tarakimu 20. Ikitokea laini usiyoitambua, nenda duka la mtandao husika na kitambulisho mkononi, omba ifungwe ukiwa palepale kaunta, na baada ya siku chache piga *106# tena uone kama imetoka.